Chura Asiyezama

Mama Sekela,

Nakuandikia kwa sababu naogopa. Wanaume wa hapa Chimala nikiwaambia naogopa watanicheka. Wewe pia ulikuwa unanicheka, ila ukimaliza kucheka unafanya kitu.

Mtoto wako anaingia mtoni.

Amemaliza form four, yuko nyumbani. Amechukua mshipi wako, anavua kambale kule kwenye dibwi, mbele ya mashamba ya mpunga, anawapelekea mama ntilie wa stendi. Nimemkataza. Nikimkataza anasema ndiyo baba, mimi nikienda kibarua na yeye anakwenda. Kichwa chake unakijua, umempa wewe.

Nikirudi jioni siangalii samaki. Naangalia miguu. Tope la lile dibwi ni jeusi, likikauka linaacha mstari. Mwanzo mstari ulikuwa kwenye vifundo. Ukapanda magotini. Sasa umepita magoti.

Hujui habari ya Mama Shija, jirani yetu, yule Msukuma mwenye ng'ombe. Wewe ulikuwa umeshaondoka. Mamba alimkamata mguu akiwa anachota maji. Watu wakapiga kelele, wakarusha mawe, akamwachia. Siku hizi anakaa kibarazani anakaanga vitumbua, mguu kaunyoosha. Wateja wakimuuliza anawaambia, "Kanionja kaona mifupa mitupu, kanitema. Angekuwa na akili angekamata mwenye kitambi." Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mimi sicheki. Naangalia ule mguu, namuona Sekela.

Unajua kwa nini anaingia? Vyura wako wa chambo, wale wanaoelea, wameisha.

Siku ya kuanua tanga ndugu zako walikuja kutoka Kihesa, vitu vyako vikagawanywa kama desturi. Kanga zikaenda kwa dada zako. Lile kopo la vyura wa plastiki akachukua kaka yako, kasema ni vifaa vya marehemu. Nikamwachia. Kwenye tanga hubishani na shemeji. Sekela alikuwa amebakiwa na mmoja, wa kijani. Kambale akakata uzi akaondoka naye.

Nikampigia simu kaka yako.

"Shemeji, wale vyura bado wapo?"

"Ah, shemeji, watoto waliwafanya ng'ombe wa kuchezea. Wamekatika miguu wote."

Basi nikatengeneza mwenyewe. Nilikuwa nakuona kila mara, nikadhani najua. Tulikuwa tunakaa nyuma ya nyumba, upepo mgongoni ili moshi usitupige. Unakata viatu vya yeboyebo vilivyochakaa, unatia kwenye kopo juu ya mafiga, na mafuta kidogo ya kupikia ili plastiki isiwe ngumu. Chura akipoa unamminya. Halafu unaniminya sikio mimi, unapima ulaini. "Bado," unasema. "Sikio lako limeshinda." Unamrudisha kwenye kopo ayeyuke upya. Mimi nakaa pale kama mjinga na sikio langu, nimefurahi.

Wangu niliwatengeneza kwa kumwaga. Nilibonyeza udongo nikapata umbo la chura, nikamimina plastiki, nikaweka ndoano. Chura mzuri kabisa wa kumtazama. Kwenye maji anakwenda chini kama jiwe.

Sekela alimchukua hivyo hivyo. Chura akizama ananasa kwenye magugu. Akinasa, mtoto anaingia kumnasua. Mkono wangu ndio unampeleka majini, Mama Sekela.

Juzi bosi alituachia mapema, nikapitia mtoni. Nikamkuta ndani mpaka kiunoni, ameinama, mkono mmoja chini ya maji anavuta. Nilitaka kuita. Ng'ambo kulikuwa na kitu cheusi kimelala, sijui gogo, sijui nini. Nilikiangalia mpaka macho yakatoka machozi. Nilisema moyoni, nikipepesa kitaondoka pale, na kikiondoka mtoto sina.

Akatoka mwenyewe, chura mkononi.

"Baba, mbona unalia?"

"Toka."

"Si nimeshatoka."

"Toka zaidi."

Akaniangalia. Halafu akacheka, kile kicheko chako. "Chura wako anazama, baba. Chura gani anazama? Hili ni jiwe lina miguu."

Nilipogeuka kuangalia ng'ambo, sikukiona tena kile kitu. Labda lilikuwa gogo, maji yamelibeba. Sijamwambia.

Nikakumbuka moyo wa bua. Ulikuwa unamenya bua la hindi, unatoa ule moyo mweupe, unakausha juu ya jiko, unachonga, unaweka ndani ya chura. Nikaweka. Nikamimina plastiki juu yake. Bua likalia chiii, likanywea, likawa jeusi. Chura akazama. Nikachonga lingine. Akazama. Nikaungua kidole. Nikakaa pale nyuma ya nyumba namkasirikia chura, nakukasirikia na wewe. Kwa nini ulikwenda haraka vile? Asubuhi ulisema kichwa kinauma, ni presha tu. Mchana wakaja kuniita shambani, umeshaondoka. Hukuniachia neno lolote, hata la chura.

Jana tunakula. Ugali na mchuzi wa kambale wake. Nimekata tonge, nimechovya, mkono ukasimama hapo hapo.

Akanijia akilini mama yako, kule Kihesa. Mwaka ule uliponipeleka kuonyeshwa kwenu, mimi Mnyakyusa nimevaa koti la kuazima. Alikuwa uani anatengeneza mishumaa ya nta kwa ajili ya kanisa. Nyuzi zinaning'inia kwenye fito. Anachovya, anatoa, anaacha ipoe. Anachovya tena. Mimi kwa kutaka sifa kwa mkwe nikasema, "Mama, si umwage tu kwenye kopo uweke uzi katikati?" Mama yako kaendelea kuchovya. Wewe ndiye uliyecheka. "Wanyakyusa mna haraka. Ukimwaga unaunguza uzi. Chovya."

Nikaacha ugali, nikatoka. Sekela anauliza, "Baba, mchuzi una nini?" Nikamwambia lete yeboyebo.

Niliyeyusha, nikangoja moshi uishe juu ya kopo. Nikachovya bua na ndoano yake, nikatoa haraka. Likavaa ngozi nyembamba. Nikalipepea, likapoa. Nikachovya tena. Ngozi juu ya ngozi, taratibu, mpaka akawa chura. Sura mbaya, jicho moja liko juu ya lingine. Nikamtia kwenye beseni.

Akaelea.

Nikamsukuma chini kwa kidole. Akarudi juu. Nikamsukuma tena. Ulikuwa unasema, "Anayezama unamfuata. Anayeelea anakufuata." Nilidhani unaongea habari za samaki tu.

Sekela alichuchumaa pembeni ya beseni. "Umejifunza wapi?"

"Kwa mama yako."

Akamtoa kwenye maji, akamminya. Halafu akanyoosha mkono, akaniminya sikio. Sikujua kama alikuwa anatuona wakati ule.

"Bado, baba," akasema. "Sikio limeshinda."

Ikabidi nigeukie ukuta kwanza.

Leo nimekwenda kupalilia na moyo wangu haukuwa shambani. Kila aliyeita huko mbali nilidhani ananiita mimi. Nimeng'oa na mpunga wa watu, bosi akanitukana, sikumsikia vizuri. Nimerudi nusu nakimbia.

Alikuwa mlangoni anasafisha samaki. Sikuwaangalia. Niliangalia miguu. Vumbi. Vumbi jeupe la njiani mpaka kwenye kucha, hamna mstari.

"Leo chura amepita juu ya magugu mwenyewe," akasema. "Sikumfuata."

Bado naogopa. Kambale ana meno, chura atachanika, uzi utakatika. Na mimi kesho nipo shambani, simuoni. Nimekausha mabua mengine juu ya jiko, nitachovya kila Jumapili tukitoka kanisani. Zaidi ya hapo sina ninachokijua.

Wewe ukimjia ndotoni, habari za samaki ziache. Mwambie arudi na vumbi.

Lala, Mama Sekela. Mimi niko macho.

Mume wako,
Baba Sekela