Gemu ya Maji Yanayopanda

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka. Nianze na hilo, lipite.

Leo kaka kasema maneno mawili yakafuatana. Tangu kiharusi kimpige, miezi minne sasa, alikuwa na neno moja tu: "sawa". Una njaa? Sawa. Unaumwa? Sawa. Nyumba inaungua? Sawa. Leo jioni katazama dari akasema, wazi kabisa: "Maji yanapanda."

Wifi yangu katupa mwiko, kakimbilia bafuni akidhani bomba limepasuka. Bafuni kukavu. Karudi na kikombe cha maji, labda ana kiu. Kaka kakisukuma kwa mkono wa kushoto, ule mzima. Maji yote kitandani. Haya, badilisha shuka tena.

Mimi nimesimama mlangoni, begi bado liko begani. Wifi hajui. Mimi najua. Ni ile gemu!

Gemu ya kompyuta tuliyokuwa tukicheza ofisini kwa baba mdogo. Mimi miaka saba, kaka kumi na moja. Jumba refu lenye ghorofa nyingi. Mtu mdogo mwenye kofia anapanda ngazi. Chini maji yanajaa. Juu kabisa mama amelala, lazima aamshwe kabla maji hayajamfikia. Na kaka hapo anapiga kelele: maji yanapanda, maji yanapanda!

Jina la gemu? Sijui. Maandishi yake yalikuwa ya lugha ambayo hatukuijua.

Jumanne, 4 Machi

Mtaalamu wa usemi huja Jumanne na kadi zake za picha. Kijiko, kiatu, paka. Mama wa maneno machache — kazi hiyo na hulka hiyo, sijui vilikutana wapi.

Nikamweleza habari ya gemu. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Kasema kitu alichokipenda mtu utotoni mara nyingine hubaki mahali ambapo ugonjwa haukufika. Kitafute, kasema. Ila usichelewe. Miezi sita ya kwanza ndiyo ulimi hurudi kwa haraka, baada ya hapo ni kokoto kwa kokoto.

Minne imekwisha.

Wifi alikuwa anakunja nguo pembeni. Kasema: wenzetu wanatafuta gemu, sisi tunatafuta pampasi. Kisha kaniomba radhi. Nikamwambia hana kosa. Kweli hana.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeharibu lenzi. Nimeiweka kwenye mashine ya kusaga imepinda, mhimili umekwenda upande. Mteja angevaa miwani ile angeona barabara imelala. Miaka kumi na tisa kwenye kazi hii!

Mpima macho kaja chumba cha nyuma kuniuliza nina nini. Ni mwanamume mpole, ila anapenda kuhoji — kazi yake ndiyo imemharibu, kutwa nzima "hii au hii? ya kwanza au ya pili?" Nikamwambia. Basi kavuta kiti.

Kofia rangi gani, dada? Njano. Una hakika? ... Nyekundu. Ghorofa ngapi? Nyingi. Mama kalala kitandani au chini? Kitandani. Ulimwona kwa macho yako? Nilimwona! Shuka yake ilikuwa na rangi gani?

Kasema kwa shahidi kama mimi, hakimu humwachia mwizi akamfunga shahidi.

Lakini kanisaidia. Kuna ukumbi mtandaoni, watu kazi yao ni hiyo tu: mwenzao analeta kipande cha gemu aliyoisahau, wao wanamtafutia jina. Nimeandika wakati wa chakula cha mchana, mafuta ya mashine bado vidoleni. Jumba. Mtu mwenye kofia. Maji yanapanda. Mama amelala juu.

Jumamosi, 8 Machi

Majibu kumi na manne! Sikutarajia. Watu wasionijua, kila mmoja ana hakika.

Nimekwenda kwa fundi kompyuta, yule wa karibu na stendi mwenye meza iliyojaa matumbo ya mashine. Kaniwekea gemu tano. Ya kwanza ina samaki. Ya pili mtu hana kofia, ana mkia. Ya tatu maji yapo lakini mtu yuko ndani ya boti. Ya nne nilisema ndiyo hii — nikaruka kabisa kwenye kiti — halafu akatokea joka. Hatukuwa na joka. Joka ningelikumbuka. Ya tano haikuwaka.

Mmoja huko ukumbini kaandika: umechanganya gemu tatu kichwani mwako, hiyo unayoieleza haikuwahi kutengenezwa.

Macho yananiuma. Mimi, wa duka la miwani.

Jumatano, 12 Machi

Kaka kaanguka bafuni. Hakuvunjika. Wifi kanipigia nikiwa kazini, sikuelewa neno hata moja, nikakimbia na koti la kazi.

Nilipofika, kaka amekaa chini ameegemea ukuta, mtulivu, kama anayesubiri zamu yake kwa kinyozi. Wifi ndiye aliyekuwa analia. Tulimnyanyua wawili. Ni mzito! Mtu ambaye hawezi kukusaidia ana uzito wa watu wawili.

Baadaye jikoni wifi kaniambia, bila kunitazama. Dada yake mkubwa yuko tayari kumpokea kaka kwa muda. Mbali, safari ya siku nzima. Huko hakuna mtaalamu wa kadi, lakini kuna mikono. "Wifi, mimi nimeisha," kasema. "Simtupi. Nimeisha tu."

Nikamwambia naelewa. Nikaosha vyombo ili nipate pa kutazama.

Kitu nisichomwambia: mimi na kaka tulikuwa hatusemezani miaka miwili kabla ya kiharusi. Siku tuliyomzika mama nilimwambia, mbele za watu, kwamba yeye hakuwahi kumjali mama hata siku moja. Kavaa viatu kaondoka. Alipokuwa na ulimi sikuutaka. Sasa ninaukimbilia kwa mafundi.

Ijumaa, 14 Machi

Gemu nyingine mbili. Sizo.

Kaka: "sawa".

Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda kwa baba mdogo. Sikio moja limekufa, lakini akili kama wembe. Ofisi ile ilikuwa yake: karani wa kiwanda cha mbao, kompyuta moja kwenye kiwanda kizima, vumbi la mbao hadi kwenye chai.

Nikamuuliza kwa sauti ya juu kama anakumbuka gemu. Kasema gemu haikumbuki, alikuwa haitazami, anakumbuka kelele.

"Kelele zetu?"

"Za kaka yako. Wewe ulikuwa kimya. Yeye ndiye aliyekuwa anakusimulia, kama mtangazaji wa mpira. Sasa kapanda, sasa mlango umefungwa, sasa maji haya hapa. Mimi niko kaunta nahesabu mbao, nasikia yote. Siku moja nilichungulia nione hayo maji. Sikuona maji."

"Ulikuwa huoni vizuri, baba."

"Nilikuwa naona msumari kwenye mbao hatua ishirini, mwanangu. Maji hayakuwepo. Wala hakukuwa na mama. Palikuwa na kikatuni kinakimbia."

Akanitazama, akashusha kikombe.

"Lakini si unajua zilikuwa wiki zipi zile? Kwa nini mlikuwa mnakaa kwangu kila siku baada ya shule?"

Mama alikuwa kasafiri, nikasema. Kwa bibi.

"Wewe ndivyo ulivyoambiwa. Mama yenu alikuwa amelazwa. Wiki sita. Alipasuliwa mara mbili, ya pili tulishakata tamaa. Wodi yake ilikuwa ghorofa ya juu kabisa, na watoto walikuwa hawaruhusiwi kupanda. Kaka yako alijua. Alikuja kuniomba nisikuambie. Miaka kumi na moja! Kasema: mdogo wangu ataogopa, mimi nitamshughulisha."

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Sikumbuki njia niliyopita.

Jumatatu, 17 Machi

Nimesaga lenzi thelathini na mbili. Hakuna hata moja iliyoharibika. Ajabu.

Mpima macho kauliza: vipi gemu? Nikasema bado. Sikuweza kuanza.

Jumanne, 18 Machi

Asubuhi kabla ya kazi nimeandika upya kule ukumbini. Safari hii nimeondoa vyote vya kaka. Nimeondoa maji. Nimeondoa mama. Imeuma kumfuta mama. Nikabakiza ambavyo ningeweza kuapa: jumba, ngazi, milango inayohitaji funguo, mtu mwenye kofia, kitu cha bluu kinachokua chini ya skrini, na hatua za huyo mtu zina mlio — ti-ti-ti, ti-ti-ti.

Kufika saa nne majibu matatu. Yote jina moja.

Jina la maneno mawili tu, la kawaida kabisa. Ningelisikia sokoni nisingegeuka.

Alhamisi, 20 Machi

Fundi kaipata. Kaiweka kwenye kompyuta ndogo ya kukunja ambayo atanikodisha. Kabonyeza, kikaja kijiskrini cheusi, halafu — ti-ti-ti, ti-ti-ti.

Nililia palepale. Fundi kainama chini ya meza, kajifanya anatafuta waya. Kautafuta muda mrefu sana, Mungu ambariki.

Kofia ni ya kijani. Haikuwa njano wala nyekundu!

Na ile bluu ni mstari wa muda. Basi. Mtu akichelewa mstari unanenepa kutoka chini, ukijaa gemu imekwisha. Ndiyo maji yetu hayo. Nikamwomba fundi anifikishe ghorofa ya juu, ana vidole vyepesi. Ghorofa saba. Juu kabisa kuna kasha. Analifungua, nyota zinaruka, maandishi, mwisho. Hakuna kitanda. Hakuna mtu.

Na mimi nilimwona mama! Ningemchora sasa hivi, ubavu aliolalia.

Kumbe kila siku kwa wiki sita kaka alikuwa ananipandisha kwenda kumwona. Na kila tulipofika alikuwa anasema: kaamka. Mdogo wangu, tazama, kaamka.

Nilimwambia hakumjali. Mbele za watu.

Ijumaa, 21 Machi

Wifi kasema dada yake atafika Jumatatu, kumchukua. Begi liko koridoni tayari, dogo. Nguo za mgonjwa ni chache.

Nikamwambia nipe kesho. Kasema kesho ni yako.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nikiwa kando ya kitanda chake. Mtaalamu alituagiza tuandike kila anachosema, na daftari la karibu ni hili.

Saa tatu asubuhi tumemkalisha, mito miwili mgongoni. Kompyuta juu ya meza ya chakula. Nikaiwasha. Ti-ti-ti. Katega sikio. Kausikia mlio! Wifi kaniona uso, kaacha kumenya alichokuwa anamenya.

Nikaweka kidole chake cha kushoto kwenye kitufe. Hakubonyeza. Nikacheza mwenyewe basi. Mimi sikuwahi kucheza, nimegundua leo. Maisha yangu yote nilikuwa nasema "tulikuwa tukicheza". Nilikuwa nimekaa pembeni tu. Mtu wangu kagonga ukuta, kaanguka ngazi, kafa mara nne ghorofa ya pili. Nikajaribu na kusimulia. Sasa kapanda. Sasa mlango. Maji yanapanda, kaka, yanapanda!

Kaka hakuwa anatazama skrini. Alikuwa ananitazama mimi.

Nikamwambia: "Kaka, baba mdogo kanieleza. Habari ya mama. Nimejua." Na nikamwambia lile la siku ya maziko, kwamba nililisema bila kujua na nalirudisha. Nilikuwa nimelipanga vizuri, lilitoka vipandevipande.

Nikangoja "sawa". Nilikuwa tayari kabisa kupokea "sawa", hata kama halina maana.

Kanyanyua mkono. Kafunika kompyuta, polepole, kama mtu anayefunga kitabu cha mwenzake.

"Siyo hii," kasema.

Wifi kadondosha kisu.

Siyo hii! Wiki tatu! Nikataka kubishana naye — na mgonjwa! Ndiyo hii, kaka, nimeiona, kofia ya kijani, fundi ni shahidi! Nikafungua tena kompyuta. Kaifunga tena. Safari hii kwa nguvu.

"Siyo. Hii." Na jasho usoni. "Ile..."

"Ile ipi, baba watoto?" Wifi kapiga magoti, kashika mguu wake. "Ile ipi?"

"Ile... mimi..." Kagonga kifua chake. Kisha kaninyooshea kidole. "Wewe... kaa."

Nimekaa. Kasogea, kwa taabu, kunipa nafasi pembeni yake. Ubavu wa kushoto. Wifi kazima redio. Kaenda koridoni, nimemsikia anasogeza begi, sijui analileta au analirudisha chumbani.

Kaka kavuta pumzi. Anatazama ukuta mtupu mbele yetu kama una kitu juu yake. Midomo inatafuta. Kalamu yangu iko tayari.

"Sasa," kasema. "Sasa ka... kapa..."

Sitamsaidia. Neno hili nalijua na sitamsaidia.

"Kapa..."