Kilo za Siafu

Jumapili, 4 Mei

Leo nimepimwa sebuleni kama gunia. Mbele ya shemeji! Mume wangu kaitoa mizani bafuni, kaiweka katikati ya makochi, kanisimamisha juu yake. Ati kaka yake anataka kutupeleka mlimani, lazima ijulikane nani ataweza kupanda. Themanini na moja. Akaisoma kwa sauti ya darasani — mwalimu ni mwalimu hata shule zikifungwa. Tangu azae huyu kawa godoro, akamwambia kaka yake. Shemeji akacheka kidogo, kisha akatazama dari.

Nami nikacheka. Nikauliza, na wewe je? Ati hana haja ya kupimwa. Yeye ni sabini na nane tangu siku ya harusi.

Sabini na nane! Mwezi uliopita alikuja kliniki kwetu kupima presha, akapanda mizani huku anatazama ukuta. Nesi aliyeisoma mizani ni mimi. Themanini na sita. Nilimwambia uko sawa tu, kumsitiri. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Jumatano, 7 Mei

Shemeji kapiga simu. Njia ya mlimani ni mwendo wa saa nne kwa miguu, mtoto atafutiwe begi la kumbebea mgongoni, na apimwe kwanza maana kila begi lina kikomo chake.

Mtoto tunamwita Siafu kwa kuwa anauma. Ana mwaka na nusu. Ana kilo kumi na moja na nusu — nilimpima mwenyewe wiki jana kwenye mizani ya watoto. Nikafungua mdomo niseme. Mume wangu akanikatiza: mambo ya hesabu niachie mimi. Akambeba Siafu, akapanda naye mizani ya bafuni. Tisini na saba na nusu. Akatoa sabini na nane zake.

Kumi na tisa na nusu!

Mtu mwingine angeshtuka. Yeye kanigeukia: unamlisha nini huyu mtoto? Kuliko kukiri kitambi chake, kamtwisha mwanawe. Nikamwacha na hesabu yake. Raha niliyoisikia, Mungu anisamehe.

Jumamosi, 10 Mei

Duka la vifaa vya kambi. Muuzaji ni binti mwembamba mwenye futi ya fundi nguo shingoni. Anampima mbebaji mgongo kwanza, kutoka shingoni hadi kiunoni, ndipo anashusha begi. Katushushia matatu. La kitambaa kitupu. La fremu nyepesi, mwisho kilo kumi na tano. Na dubwana: fremu nene, kivuli cha jua, mguu wa kulisimamisha chini. Likiwa tupu tu, kilo nne.

Siafu alikaa vizuri kwenye lile la pili, miguu ikafika kwenye vikanyagio, akapiga makofi. Mume wangu akasema halifai, mtoto ana kumi na tisa na nusu. Binti akamnyanyua Siafu, akamshusha. "Baba, huyu hafiki hata kumi na mbili."

"Kwani wewe ni mizani?"

Binti akanigeukia. Ni kweli, mama? Nikamjibu: mwenye hesabu ni baba yake.

Tumenunua dubwana. Siafu anachezacheza humo ndani kama njugu kwenye debe. Binti kakaza mikanda hadi mwisho, na mimi kanikazia macho. Anikazie! Nimeshaiona siku yenyewe: mume wangu anatweta na chuma chake mgongoni, kitambi mbele, na kaka mtu yuko juu huko anapiga mluzi. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Jumatatu, 12 Mei

Zamu ya asubuhi. Shule zimefungwa, mtoto anashinda na baba yake. Nimerudi saa tisa, Siafu kanirukia, kaniuma bega. Njaa! Kapunguziwa uji. Kikombe kimoja badala ya viwili, yai hakuna, maziwa hakuna. Ati atakayembeba ni yeye, kwa hiyo atakayempunguza ni yeye.

Hapo ningesema. Neno moja tu. Nikasema sawa. Kisha nikafunga mlango wa jikoni, nikamnywesha maziwa mpaka akacheua. Nitakuwa namfidia jioni.

Jumatano, 21 Mei

Zamu mbili mfululizo, wiki nzima. Nikirudi Siafu kashalala. Simwamshi.

Mume anafanya mazoezi: kaweka mfuko wa mchele ndani ya dubwana, anazunguka nyumba. Mzunguko wa tatu kashika ukuta. Nimejifungia chooni nicheke.

Ijumaa, 30 Mei

Nimempeleka kliniki. Kilo kumi na nusu.

Nimempima mara tatu. Nimebadilisha mizani. Mwenzangu wa zamu kaitazama kadi, akasema mstari unashuka, angekuwa mama mwingine tungemkalisha chini tumhoji! Akacheka. Nikasema aliharisha. Nikaandika hivyo kwenye kadi ya mwanangu, kwa mkono wangu.

Nimwambie baba yake leo? Atauliza ulijua lini.

Keshokutwa ni mlima. Apande kwanza. Aumbuke kwanza. Siku mbili tu.

Jumapili, 1 Juni

Nimewaambia nakwenda haja. Naandika nyuma ya jiwe.

Mume wangu alifika robo ya njia. Uso umemvimba, shati limeloa, kasimamisha begi chini, akakaa kwenye majani. "Mtoto mzito huyu!" Yaani nilivyoingoja hiyo sura, wiki nne! Nikaitazama. Nikakuta sina kicheko.

Shemeji kalivaa begi kwa mkono mmoja. Akaruka-ruka kidogo. Akalivua, akamtoa Siafu, akamshika kwapani. Hakucheka hata yeye. Nani kasema huyu ana kilo kumi na tisa? Mbona mbavu hizi nazihesabu?

Mume wangu, pumzi juu juu: "Muulize mama yake. Si ndiye nesi!"

Ndipo nikasema nakwenda haja.

Namba ninayo. Lakini nikiitaja, nitaulizwa na ile ya mwanzo, kumi na moja na nusu, na tarehe yake kwenye kadi, na kule kuharisha nilikokuandika. Njia ya mwongo ni fupi, na mtego nilimtegea mume wangu.

Nawasikia. Shemeji kafungua pakiti ya biskuti. Siafu anatafuna kwa kelele, analilia nyingine.

"Mpe moja tu," anasema baba yake. "Moja tu."

Shemeji ananiita. Kwa sauti, mara ya pili sasa. Shemeji, njoo utuambie wewe —