Baba Amemwaga Maji Tena

Toronto,
4 Februari 1999

Kwa Kaka yangu mpenzi Hasan,

Salaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima na umekaa kitako, maana nina maneno mengi, na simu ya kutoka Kanada haifai kwa maneno mengi, hasa Baba akiwa amesimama pembeni ananiamuru nipaze sauti kwa kuwa Tanga ni mbali. Wifi Gulnar hajambo? Mgongo wake umetulia? Na bibi arusi wetu Roshan, nasikia amekonda kwa mawazo. Mbusu kwa niaba ya shangazi yake. Sisi huku hatujambo, kama kukaa ndani ya friji huku unapumua ndiyo kuwa hujambo.

Umeshanipigia mara nyingi, na swali lako ni lile lile: Baba anarudi lini? Najua Roshan ameapa haolewi bila babu yake kuwepo. Najua likizo ya bwana arusi inakwisha pamoja na mwezi huu wa Mfungo Mosi, na akirudi Maskati ndiyo basi tena, maana mpaka apate likizo nyingine tutakuwa ndani ya Muharram na Safar, na nani kati yetu Mashia afanye arusi katika miezi ya msiba? Wakwe wameanza kununa. Yote nimeyasikia, Kaka, na yote nitayajibu. Lakini kwanza niache niteme nyongo, kwa sababu usipojua nilivyoishi na huyo baba yako mwezi huu, hutaelewa lolote.

Kila ukipiga simu unaniambia nimvalishe vizuri. Hebu niambie, wewe umewahi kumvalisha Baba? Nimemnunulia koti zito, anasema linamkaba roho. Nimemnunulia glavu, anasema hawezi kuvuta tasbihi. Mabuti anayaita majeneza. Basi anavaa suruali ya sufu, juu yake kikoi, juu ya kikoi kanzu, juu ya kanzu sweta langu mimi la waridi, halafu anatoka nje kuangalia kama jua limechomoza. Jua limechomoza, Kaka. Halina kazi yoyote.

Na mwaka huu hata wenyeji wamesalimu amri. Wanasema baridi wanaijua, lakini theluji ya namna hii hawajaiona. Ilianza mwaka ulipoingia tu, sisi tumo katikati ya Ramadhani. Ikaanguka, ikapumzika, ikaanguka tena, mpaka magari barabarani yakageuka vichuguu vyeupe. Treni zikasimama, skuli zikafungwa. Shemeji yako Bahadur ofisi yake iko Mississauga, upande wa pili kabisa wa mji. Anaondoka na giza anarudi na giza, na siku nyingine alilala huko huko kwa wenzake. Mwanangu Ruqayyah nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, halafu anapanda zake chumbani. Kwa hiyo mwenye kushinda na Baba ni mimi, na mwenye kushinda na mimi ni Baba. Kutoka alfajiri mpaka futari nasikia jinsi sukari ilivyoadimika mwaka ule, nani alimpunja khanga, na nani alikufa kabla hawajamaliza ugomvi wao.

Kisha meya wa mji akashindwa, akaomba jeshi lije kusaidia kuchimbua barabara. Hapo ndipo nilipokoma. Baba alikuwa mbele ya televisheni, akaona wanajeshi na magari ya deraya yanaingia mjini, na Kiingereza chenyewe hakukifuata. Akazima taa, akakomea mlango, akaja jikoni kuniambia kwa sauti ya chini kwamba nchi imepinduliwa. Nikamweleza kuwa wamekuja kuondoa theluji. Akaniuliza tangu lini askari akapewa beleshi. Nikaapa. Akasema hata Unguja watu waliambiwa hakuna kitu, walale. Akajaza maji kila chombo cha nyumba hii: ndoo, masufuria, mabirika, bafu, mpaka jagi la maua. Futari ya siku ile niliipika kwa maji ya kipimo, na mwenye kupima ni yeye. Bibi mmoja Mzungu, jirani yetu mwema kabisa, alikuja kuuliza kama mkate tunao. Alijibiwa kwa Kiswahili kupitia tundu la barua kwamba arudi kwake ajifiche chini ya kitanda. Yule bibi alishukuru, akaenda zake.

Nacheka sasa, lakini siku ile nilitamani kulia. Na hilo la jeshi lilikuwa afadhali, kuliko ngazi zangu.

Ngazi za mbele ya nyumba, Kaka. Toka theluji ya kwanza, nyumba zote za mtaa ngazi zao zilikuwa kavu, zangu zinang'aa kama kioo. Naparua asubuhi, kesho yake barafu. Nikanunua chumvi mifuko kwa mifuko, hata ningekuwa na biashara ya samaki wa ng'onda ingenitosha. Naimwaga, kesho yake barafu. Mtu wa posta akakataa kupanda, akawa anaturushia barua kutoka njiani, zinazama thelujini. Nikamlaumu Bahadur kwamba kuparua hajui, tukanuniana. Nikasema bomba linavuja. Fundi akaja, akalikagua, akasema bomba ni zima, na alipokuwa anaondoka akateleza mpaka chini na mkoba wake. Wallahi nilidhani nyumba imepigwa kijicho.

Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani ndipo nilipoujua ukweli. Nilikuwa natoka mbio kwenda msikitini, miguu ikaenda juu, nikaangukia mkono wa kulia. Nimelala pale chali, nikageuza kichwa, namwona Baba mlangoni na kopo mkononi, linatoa mvuke. Unajua desturi yake ya dukani Ngamiani, kwamba kabla ya milango kufunguliwa lazima anyunyize maji mbele ili vumbi litulie na riziki iingie. Kumbe tangu mwanzo, kila akimaliza sala ya alfajiri, alikuwa anafungua mlango wangu taratibu na kumwaga maji kwenye ngazi. Na siku ile, kwa kuwa baridi ilikuwa kali mno, aliamua kuyachemsha kwanza.

Nilimpigia kelele, Kaka. Mungu anisamehe, na saumu yangu mdomoni. Nilimwambia vumbi gani analotuliza, vumbi liko wapi katika nchi hii, nyumba nzima atatuua kwa kopo lake. Nilimwambia maneno ambayo hata Ruqayyah sijawahi kumwambia. Hakunijibu ukali. Alikaa pale pale kizingitini na lile sweta la waridi, akasema aliona nyumba hii watu hawaingii, akafikiri labda ni kwa sababu haijanyunyizwa.

Yule bibi jirani ndiye aliyenipeleka hospitali, nikarudi na mkono umefungwa bandeji na kuning'inizwa shingoni. Yaliyofuata unayajua, ulikuwepo kwenye simu. Nilikuambia mkono umevunjika, na Baba akaninyang'anya simu akakuambia kwamba yeye ndiye aliyeuvunja, na yeye ndiye atakayeuuguza, na haondoki Toronto mpaka mkono wa mwanawe upone, arusi au si arusi.

Basi akaanza kuniuguza. Jamani! Chapati zake ukizinyanyua zina pembe. Alimsuka Ruqayyah nywele, mtoto akaenda skuli na kichwa kama gunia lililoshonwa kwa haraka, na akakataa kusukwa na mtu mwingine tangu siku hiyo. Mkono wangu anaukanda mafuta ya karafuu asubuhi na jioni, Bahadur anapiga chafya tangu mlangoni. Nikipika, yeye yuko nyuma yangu anasema bizari imezidi. Nikikaa, anasema mgonjwa asikae karibu na dirisha. Nikinyamaza, anataka kujua nimenunia nini. Nimechoka naye, Kaka. Nimechoka mpaka kwenye mifupa, na toka nije nchi hii sijawahi kucheka namna hii.

Sasa sikiliza, na usinikasirikie mpaka umalize kusoma. Mkono wangu haukuvunjika. Daktari aliitazama picha, akasema umeteguka kidogo tu, nikae na bandeji siku chache, niende zangu nyumbani. Ilipofika Idi nilikuwa naweza kuepua sufuria ya pilau. Asubuhi ile ile ya Idi Baba aliniuliza mkono vipi. Nikafungua kinywa niseme umepona, nikajisikia nasema bado. Kesho yake bado. Nikawa naamka nafunga bandeji kabla sijashuka chini, kama mtu anavyovaa saa. Bahadur sikumficha. Alinitazama sana, akasema huyo ni baba yangu, niamue mwenyewe. Wewe ulipopiga kuuliza habari za ndege nikakuambia daktari amekataza nisiachwe peke yangu, ukaniamini, ukaniombea dua. Dua yako ilinichoma.

Unataka kujua kwa nini. Kabla sijaanguka nilimkuta Baba anakunja nguo zake kwenye sanduku tayari kwa safari, nikaiona nyumba itakavyokuwa. Miaka yote hii nikikuandikia sijambo, nilikuwa nakudanganya, Kaka. Kuna siku hapa zinapita mpaka jioni sijasikia sauti yangu mwenyewe. Watu ni wema, sina wa kumlaumu, lakini kila mmoja amejifungia na hita yake. Baba akinigombeza kwa ajili ya bizari, najua nipo. Nilitaka kubaki nipo siku chache zaidi, zikawa nyingi, na arusi ya mwanangu Roshan nikaiacha inaning'inia kwa ajili yangu. Ulinisikitikia kwenye simu huku nimeukunja mkono huo huo nimeshikia kiuno. Nisamehe, na unisaidie kumwomba Roshan anisamehe. Wakwe pia, ingawa hao uwaambie ilikuwa theluji.

Jumapili uliponiambia kwamba wakwe wamezungumza habari ya kurudisha posa, nilikata simu nikaenda mezani alipokaa Baba akichagua mchele. Nikaifungua bandeji mbele yake, nikaiweka juu ya meza, nikamwambia kila kitu. Nilingoja anigombeze. Hata kuchagua mchele hakuacha. Akasema anajua.

Alijua muda mrefu, Kaka! Siku moja aliteleza pale mlango wa bafuni na mimi nikamdaka kwa mikono miwili nikamsimamisha wima, bandeji na kila kitu. Mimi nilisahau kabisa, yeye hakusahau. Jioni yake alinikanda mkono kwa mafuta ya karafuu kama kawaida na kuniuliza kama unauma, na mimi, bila haya, nikasema unauma. Akaniambia Mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa anashikwa na homa kila yeye, Baba, alipotaka kwenda Dar kuchukua mali. Hakuwahi hata mara moja kumwambia kwamba homa ile si ya kweli. Alikuwa anaahirisha safari mpaka kesho, wanakaa, wanakunywa chai, homa inashuka yenyewe. Akasema hii yangu ameiahirishia sana kupita kiasi, na hilo ni kosa lake, kwa sababu hata yeye chai ilimnogea.

Nililia, bila shaka. Akaniambia nisilie juu ya mchele.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: Baba anaondoka Jumamosi na barua hii anakuletea mwenyewe, imo mfuko wa ndani wa koti. Ameshapiga simu kwa bwana arusi mwenyewe, kwa sauti ya kusikika Maskati, Tanga na Mississauga, kumwambia asithubutu kutia mguu kwenye ndege kabla babu hajafika. Mpokee uwanjani na mtu wa kumbebea sanduku, maana hatakubali kulibeba wala hatakubali libebwe, na mtagombana. Usimtanie habari ya jeshi mbele za watu. Mpe chai ya tangawizi, na akikuambia bizari imezidi, mwitikie.

Mpe wifi Gulnar salamu zangu nyingi, na Roshan umwambie namwombea ndoa yenye masikilizano na nyumba yenye makelele. Bahadur na Ruqayyah wanawasalimu. Ruqayyah amesalimu kwa Kiswahili, neno moja, lakini amesalimu.

Na arusi ikishapita, ukimwona Baba ameanza kuulizauliza habari za ndege, nakuomba usimtishe kwa baridi. Baridi anaijua. Mwache apande.

Ni mimi dada yako mwenye mikono miwili, yote mizima,

Rehmat