Jezi Isiyo na Namba Imerudi Imelowa Tena

Mpendwa Shangazi, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo mechi yetu ya mwisho ya kirafiki na mimi mwanao nimeishiwa nguvu. Ni shabiki wa timu hii tangu nasoma shule ya msingi, na sasa ndimi ninayefua jezi zake. Wenzangu hudharau mechi za kabla ya msimu, wanasema hazina pointi, kocha anabadilisha wachezaji kumi kwa mpigo, waje kutazama nini, lakini mimi nilizipenda kuliko za ligi, kwa sababu humo tu ndimo mtu asiyejulikana anaweza kuvalishwa jezi isiyo na namba akaingia dakika ishirini kujaribiwa. Mdogo wangu, tuliyemwita Kiberiti kwa ufupi wake na hasira zake, aliingia hivyo miaka mitatu iliyopita, jezi ikamzidi, akaifunga fundo kwenye pindo upande wa kushoto, akakimbia utadhani anafukuzwa na nyuki, na mwishowe wakamwambia akasubiri nyumbani, watampigia simu.

Shangazi, walipiga. Kiberiti alikuwa anaoga, simu yake nikapokea mimi, wakasema wamemchukua mwingine, na mimi namsikia bafuni anaimba, nikashindwa, nikafuta namba ya simu iliyopiga, nikajisemea nitamwambia kesho, kesho ikawa kesho kutwa, na wiki ya tatu akagongwa na gari akienda dukani, simu mkononi.

Tangu hapo, mechi za kirafiki zikianza, ile jezi inarudi imelowa jasho. Mwanzoni nilidhani imevaliwa. Mwaka huu hatukuwa na mtu wa majaribio hata mmoja, nikaikunja mwenyewe, nikaitia kwenye begi la jezi, nikakaa jukwaani macho kwenye begi hilo mpaka filimbi ya mwisho, hakuna aliyeligusa, na nilipolifungua jezi ilikuwa na joto la mwili, mgongo chapachapa, pindo limefungwa fundo kushoto. Mtunza vifaa akasema, "Dada, hii hakuvaa mtu," na tangu siku hiyo hanitazami usoni. Ligi ikianza inalala kavu mpaka mwaka mwingine, kwa kuwa ligi haina majaribio.

Sasa mama anataka kuja Jumamosi. Simu ya Kiberiti bado anaichaji kila asubuhi. "Walisema watapiga," ananiambia. "Nataka kujua tu walimwonaje mwanangu." Nimewaza nishone namba kwenye ile jezi, Kiberiti ajione amechukuliwa, apumzike. Je, nitakuwa nimekosea?

Mfuaji wa Jezi

JIBU:

Mwanangu Mfuaji, pole kwa msiba, na pole kwa kushabikia timu hiyo. Pole zimeisha, sasa nisikilize.

Jezi mimi sioni tatizo lake. Mwenye tatizo ni wewe uliyekalia jibu la mtu. Siku ya kwanza ulimhurumia, hata mimi pengine ningefanya hivyo. Siku ya pili ulikuwa uoga. Kijana wa watu ameondoka akisubiri, na kila mwaka anarudi kujaribiwa upya, anakimbia mpaka analowa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba mechi yake ilikwisha.

Namba usithubutu kushona! Ulimdanganya kwa kunyamaza, sasa unataka kumdanganya kwa sindano na uzi? Na akishapewa namba, ligi nzima utakuwa unafua jasho la nani?

Anza na mama, na iwe leo. Mwambie walipiga, ulipokea wewe, walisema nini. Atakulaumu. Kaa hapohapo ulaumiwe, usikimbilie jikoni. Jumamosi nendeni nyote wawili. Jezi usiikunje, itandaze kwenye benchi, kaeni karibu yake, na ikifika dakika ya sabini mwambie kwa sauti yako ya kila siku: "Kiberiti, hawakukuchukua. Nilijua, nikakuficha." Usimpambie. Mama naye amwambie yeye alimwonaje.

Mkirudi nyumbani, kama kuna fundo, lifungue, uifue jezi, uirudishe klabu. Simu msiichaji tena, iacheni mezani mpaka izimike yenyewe. Na ikiita kabla haijazimika, wewe usiiguse. Safari hii mwache mama apokee.