Vifaranga vya Nyuma ya Nyumba

Nakuru,
Jumapili mchana.

Mama mpendwa,

Najua ukiona barua utashtuka, useme barua za siku hizi ni za mahakamani tu. Keti, hakuna msiba. Habari za hapo Voi? Goti lako limepoa? Baba bado anagombana na redio? Mimi ni mzima, hata nimenenepa, na baridi ya huku imenifundisha kuvaa sweta mbili. Nyinyi mnalalamika jua ni kali. Mimi jana lilitoka saa nne nikalisalimu kama mgeni. Shuleni tulifundishwa kutaja dhumuni la barua mapema, lakini langu utalikuta katikati, maana linanitia aibu.

Kwanza kazi. Ile miezi mitatu ya majaribio imekwisha, na Madam Chebet, mwenye chekechea yetu, amenibakiza. Piga vigelegele, lakini kidogo, jirani yetu Mama Saidi asije akadhani tunaoza mtu. Nina watoto kumi na wanne wa miaka mitatu mitatu. Nilidhani cheti changu ni cha kufundisha, kumbe ni cha makamasi. Nafuta makamasi, navua viatu, navalisha viatu, natafuta mwenye kiatu ambacho kila mtoto anakikana. Saa nne tunakunywa uji, saa sita na nusu wanakula, halafu wanalala kwenye magodoro yao, na hapo ndipo mwalimu anapokumbuka kwamba naye ana miguu. Naipenda kazi hii, Mama. Sikutegemea kuipenda hivi.

Sasa nikueleze kilichonishikisha kalamu. Wiki ile ya kufungua shule, mlango wetu ulikuwa kilio kitupu. Kila mzazi alikuja na mtoto amemng'ang'ania mguuni. Mmoja wao ni Mama Shiru, anayeleta viazi sokoni kutoka Dundori. Huku wanaviita waru. Shiru alikuwa ameshika sketi ya mamake kwa mikono miwili, na mama wa watu mwenyewe alikuwa karibu kulia.

"Ticha, nitafanya aje? Waru ziko sokoni na hakuna mtu wa kuziangalia."

"Usijali, Mama Shiru," nikamwambia. "Wewe toka pole pole. Mimi nitamwonyesha kitu."

Nikambeba Shiru hadi dirishani. "Ona paka! Ona paka kwa ukuta!" Akamwangalia paka, na alipogeuka, mama hayupo. Alilia kidogo, akanyamaza. Nikajiona fundi. Siku ya pili nikamwonyesha lori, siku ya tatu puto.

Siku ya nne hakutaka kuangalia chochote. Nikisema "ona", yeye anageukia mlango. Uji aliunywa amesimama, macho mlangoni. Wenzake walipolala, yeye alikaa kwenye godoro na viatu vyake miguuni. Nikamwambia Madam Chebet kwamba huyu mtoto anaogopa shule. Madam ni mwanamke wa Rongai, hana maneno mengi, na watoto aliowalea wengine sasa wanamletea wajukuu. Alinijibu huku akikunja blanketi.

"Haogopi shule, Wakesho. Anakuogopa wewe. Kila ukimwonyesha kitu kizuri, mamake anapotea."

Mama, nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti kidogo cha watoto. Hapo hapo nikakumbuka vifaranga.

Unaikumbuka siku niliyoondoka. Kaka Mwakio alikuwa ameshatangulia stendi na begi langu. Nikamwambia mwanangu, "Mwadime, enda na nyanya ukaone vifaranga nyuma ya nyumba." Akakimbia bila viatu, amefurahi. Wewe ukaniashiria kwa mkono, toka sasa, asikuone, nami nikatoka kwa mlango wa mbele. Sikulaumu. Hivyo ndivyo tunavyofanya sote, na ndivyo ulivyonifanyia mimi ukienda kazini shamba la mkonge. Lakini baada ya wiki mbili uliniambia kwa simu kwamba Mwadime hataki tena kulisha kuku, ukimwita nyuma anashika mlango wa mbele kwa nguvu. Tukacheka, tukasema amekuwa mvivu kama mjomba wake. Na kila ukimwekea simu sikioni hasemi neno, nasikia pumzi zake tu. Nilikuwa nawaambia watu mwanangu ana haya. Si haya, Mama. Ana hasira na mimi, na ni haki yake. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia kwenye banda la kuku.

Kesho yake Madam Chebet alimsimamisha Mama Shiru mlangoni. "Mwambie unaenda. Na umwambie utarudi lini, lakini kwa saa yake yeye." Mtoto hajui saa tisa; anajua uji, chakula na usingizi. Mama Shiru akachuchumaa hapo hapo.

"Shiru, naenda kuuza waru. Utakunywa uji, utakula, utalala. Ukiamka utaniona."

Shiru alipiga kelele hadi fundi wa kuchomelea vyuma hapo jirani akazima mashine yake, akaja kuuliza nani ameungua. Mama mtu alienda machozi yakimtoka, lakini alienda akionekana. Na saa tisa kamili alirudi mbio, gambuti miguuni zimejaa matope, viazi amemwachia jirani. Siku iliyofuata kilio kilikuwa kifupi. Wiki iliyofuata, tukiwa tunaongea mlangoni, Shiru akaanza kumsukuma mamake magotini. "Si uende? Waru zitaoza!" Tulicheka sana. Halafu nikaingia chooni nikalia kidogo. Hilo usimwambie Baba.

Basi shule zikifungwa nakuja. Kwenye kifurushi hiki kuna uzi wenye vifuniko vya soda ishirini na kimoja. Kila asubuhi baada ya chai, Mwadime asogeze kimoja upande wa pili. Kimoja tu, hata akikubembeleza. Halafu umkalishe umsomee haya:

"Mwadime, ni mama. Siku ile ya vifaranga nilikutoroka. Vifaranga hawana kosa, nyanya hana kosa, na wewe huna kosa. Nilitakiwa kukuambia, nikaogopa utalia. Niko Nakuru, nafanya kazi. Kifuniko cha mwisho kikivuka, nitafika. Nitakaa na wewe, halafu nitarudi kazini, na nitakuambia kabla sijaenda. Ukitaka kulia, utalia, nami nitakungoja."

Basi, hapo acha kumsomea. Natafuta chumba kikubwa zaidi, na Mungu akijalia, mwisho wa mwaka nitamchukua tuishi wote. Hilo usimwambie. Bado sina hakika nalo, na sitaki kumwahidi tena kitu nisichokijua.

Nisalimie Baba, umwambie redio haisikii anapoitukana. Nisalimie kaka Mwakio mbeba begi, safari hii ajiandae na begi zito zaidi. Shangazi mshona nguo mwambie aproni yake ndiyo ninayovaa kila siku, mifuko yote imejaa makamasi ya watu. Mama Saidi jirani naye asikose salamu, maana najua anasoma begani kwako.

Nina ombi moja tu, Mama, na najua litakuwa gumu kwako kuliko goti. Siku nitakapoondoka, usinisaidie. Usimwite aone chochote. Mshike mkono hapo mlango wa mbele, alie apendavyo, lakini aone mgongo wangu mpaka nikate kona.

Ni mimi binti yako, nitakayeondoka mchana kweupe,

Wakesho