Nusu Yangu ya Mzigo

Mpenzi Verna,

Hujambo huko kwa dada yako? Mimi mzima. Paka wako amenenepa, na joto la Arizona unalijua mwenyewe.

Jumamosi nilikwenda kupiga kambi peke yangu kwenye lile bonde letu kavu. Nilipima kila kitu kwa mizani ya jikoni kama kawaida yetu, begi lisiwe zito, hata mpini wa mswaki nikaukata. Njiani nikawa najisifu: begi halijawahi kuwa jepesi hivi!

Nilipofika nikachagua miti miwili mizuri, nikatoa machela yangu ya kitambaa niitundike katikati yake nilale. Kamba za kuifungia hazikuwemo. Nikatoa jiko, gesi haikuwemo. Miaka yote tumegawana mzigo usituelemee, na mimi nilikuwa nimefungasha nusu yangu tu.

Mama mmoja aliyekuwa akipita na mbwa wake akanicheka.

“Babu, machela bila kamba si shuka hiyo?”

“Kamba anazo mke wangu.”

“Na mkeo yuko wapi?”

Nikajifanya nakunywa maji.

Nililala chini juu ya mawe, nimetafuna tambi mbichi, nikikulaani mpaka usingizi ukanichukua. Ulisema unakwenda kupumzika kidogo. Hicho kidogo chako kinaishia wapi, Verna?

Dukani kamba ziko tele. Nimekwenda, nimezishika, nimerudi mikono mitupu. Zako tafadhali usizitume kwa posta. Zikija bila wewe, nitajua hurudi.

Ni mimi, niliyebaki na machela,
Harlan