Pikipiki Yenye Haina Moshi

Yaya Agathe, dada yangu mukubwa,

Salamu nyingi kutoka Nyawera. Uko je? Batoto banaendelea muzuri? Mugongo ya mama inamuachilia kidogo? Na shemeki Polycarpe, amekwisha kutulia? Nilisoma mu barua yako ya kwamba mwizi aliing'oa bomba ya moshi ku pikipiki yake ya zamani, ile inalala nyuma ya nyumba hapo Katana, na ya kwamba shemeki anamushitaki mutoto wa jirani. Umwambie apoe kwanza. Mimi niko muzima, ila nimechoka, yaya. Nimechoka mpaka masikio.

Unamujua mudogo wako: hapa Nyawera hakuna motard anaendesha pikipiki ya umeme kama mimi. Bamama ba soko banasema nikiwabeba ni kama malaika ndiye amebabeba, maana hakuna kelele. Shule niliacha, lakini kichwa sikuiacha kule. Basi hiyo kichwa yote, bakubwa ba serikali balinimalizia.

Balifunga pikipiki zetu zote za umeme mu furiere, kile kiwanja cha kufungia vyombo, ati hakuna biro inajua nani azichunge. Nilienda ku biro ya usafiri, balisema kitu cha batri ni cha batu ba umeme. Batu ba umeme balicheka, balisema ikiwa na magurudumu niende kwa polisi. Polisi alisema bila karatasi ya usafiri hawezi hata kuitupia jicho. Nikarudi pale nilianzia. Muzee mwenye tai akaniuliza kama mimi ndiye yule wa siku ile. Nikamujibu: hapana papa, yule alikuwa angali kijana. Hakucheka.

Mwisho fundi wa kontrole alikubali kuja kuipima. Unajua vile banapimaka: anawasha, anaweka mukono nyuma ya bomba, akisikia moshi, anapiga kashe, ile muhuri ya kukubali. Yangu aliizunguka, akakosa pa kuweka mukono. Alisema chombo haijatimia, nilete bomba. Nilileta, nikaifunga chini na waya. Akaweka mukono, akasema iko baridi, basi hii ndiyo pikipiki safi kupita zote. Kashe, pa! Nikatoka furiere kama gavana.

Nilijisifu soko nzima. Kisha biro zote zikakaa pamoja, mara ya kwanza, zikaita ile kikao komisyo. Na unajua balipatana juu ya nini? Kila pikipiki ya umeme iwe na bomba ya moshi kama ya Mugisho, ni mimi huyo. Siku ya lundi yenye inakuja banatia sahihi, na mimi nilete yangu bakubwa bote baione.

Sasa benzangu banazunguka soko banatafuta mabomba. Aganze, rafiki yangu, alikuwa wa kwanza kupata. Jana fundi alikuwa anamuchomelea, cheche ikaruka ku batri, batri ikakufa. Bibi yake ametoka kuzaa. Na bado Aganze alinishika mukono akasema Mungu anibariki, mimi ndiye niliwafungulia njia. Hii neno imenichokesha kuliko biro zote.

Yaya, ukae chini sasa. Ile bomba ni ya shemeki. Niliing'oa mwenyewe, ile dimanche nilikuja kumuona mama na nyinyi mulikuwa ku misa. Mutoto wa jirani hana kosa, shemeki amuombe musamaha mbele ya bazazi bake. Tena ku pikipiki yangu hakuna kitu kilipita ndani ya ile bomba, hata upepo.

Leo nimeifungua ku pikipiki. Charlène, muuzaji wa samaki ndogo za sambaza mwenye anakuletea barua hii, ameibeba mu gunia. Asikudanganye ati ni zawadi. Lundi nitafika mbele ya komisyo na pikipiki vile ilitoka kiwandani, nibaambie yote. Aganze nimekwisha kumwambia. Alinigeuzia mugongo, akaenda zake.

Pikipiki itarudi furiere, najua. Basi mama asiningojee na ile malaika yangu siku ya kumupeleka hospitali juu ya mugongo. Nitakuja kwa bisi ya abiria, nitamushika mukono, tutatembea polepole.

Ubakumbatie batoto, umubusu mama. Shemeki umusalimie wa mwisho, akiisha kuangalia kama bomba yake iko nzima.

Ni mimi mudogo wako,
Mugisho, motard mukubwa wa Nyawera
(mpaka lundi)